Msaragambo Bila Idhini

Tulimzika Mzee Elinihaki Jumatano iliyopita, juu Ugweno, na nilikula wali wa msiba wake sahani mbili. Nasema hivyo ili msomaji ajue kwamba sikwenda pale na kinyongo. Nilikaa kwenye kiti cha plastiki, mstari wa tatu chini ya turubai, kitenge changu kimepigwa pasi, nikamsikiliza mjukuu wake akisoma wasifu wa marehemu kutoka kwenye simu. Alisoma vizuri. Alisoma kwamba babu yake ndiye aliyekuwa roho ya Idara ya Watoto na Familia ya umoja wa koo zetu za milimani. Alisoma kwamba babu yake ndiye aliyebuni wazo la kuitisha msaragambo, ile kazi ya pamoja ambayo Wapare tumechimbia mifereji na kukatia barabara tangu enzi za mababu, kwa ajili ya watoto waliofiwa, na kwamba nyumba ya kwanza iliyojengwa kwa njia hiyo ipo mpaka leo kule Ngujini. Watu wakatikisa vichwa kwa heshima. Mama aliyekaa jirani yangu akaninong'oneza, "Kumbe mzee alikuwa na moyo hivyo." Nikamjibu, "Alikuwa nao," nikanyamaza, kwa sababu msibani mtu hasahihishi wasifu wa marehemu. Lakini nyumbani kwangu Same nina meza, nina kalamu, na ukutani nina stashahada ya ustawi wa jamii yenye jina langu, Namkunda. Hapa ndipo ninaposahihisha.

Sitaanza na baba yangu wala mama yangu, wala shule ya msingi niliyokwenda pekupeku. Hayo kila mtu anayo. Naanza na mwaka niliokuwa na miaka thelathini na moja, nimerudi kutoka Dar es Salaam. Kule nilifua mashuka ya nyumba ya wageni mchana na kusoma jioni, mpaka chuo kikanipa karatasi yangu. Hakuna aliyenisomesha. Hakuna mjomba aliyenishika mkono kunipeleka ofisini kwa mtu. Katika koo zote za milima hii, Kaskazini na Kusini, mtu mwenye stashahada ya kazi ile alikuwa mmoja, na wazee wa umoja walipotafuta mkuu wa idara yao mpya hawakuwa na wa kuchagua. Walinichukua huku wamekunja uso, kama mtu anayemeza dawa ya minyoo, na mimi nikaingia kazini nimenyoosha shingo. Wakati ule niliambiwa naringa. Nilikuwa naringa kweli, na sijaona hadi leo sababu ya kuacha.

Idara ilikuwa vyumba viwili nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi, hatua chache kutoka stendi ya Same. Zamani vilikuwa stoo ya tangawizi, na joto la mchana lilipopanda harufu ya tangawizi ilitoka sakafuni ikachanganyika na vumbi la saruji, ukapiga chafya katikati ya sentensi. Chumba kimoja kilikuwa changu, pamoja na mashine ya chapa na kabati la mafaili. Cha pili kilikuwa cha Baraza, yaani wazee saba walioshuka kutoka milimani kila Alhamisi, Mzee Elinihaki akiwa mwenyekiti. Nyuma kulikuwa na kibanda cha jiko ambamo Mama Kiondo, mjane wa makamo mwenye ulimi mkali, aliwapikia makande. Kati ya jiko na chumba cha Baraza palikuwa na ukuta wa mbao zilizoachana, kiasi kwamba wazee walijua makande yamefika kwenye chumvi na Mama Kiondo alijua shauri limefika wapi. Kazi yetu ilikuwa rahisi kuieleza. Mtoto wa koo zetu akifiwa na wazazi huko mijini au kwenye mashamba makubwa, tumtafute, tumwonyeshe afisa ustawi wa jamii wa wilaya, afisa asaini, tumrudishe kwenye damu yake. Wazee walisema "damu" kama watu wa benki wanavyosema "dhamana", na mimi niliamini. Ilikuwa imeandikwa hata kwenye daftari zangu za chuo: ndugu kwanza.

Nilikuwa na namna yangu ya kukagua nyumba, na niliionea fahari kuliko stashahada yenyewe. Fomu ya wilaya ilikuwa na maswali ya choo, dirisha na idadi ya vitanda. Niliijaza baadaye. Mimi nilifika saa ya kula, bila taarifa. Mtu anaweza kupaka chokaa nyumba nzima kwa sababu mkaguzi anakuja, lakini hawezi kumfundisha mtoto kwa nusu saa kunyoosha mkono kwenye chakula bila woga. Nilitazama nani anapakuliwa kwanza, nani anasubiri, nani anaangalia uso wa mtu mzima kabla ya kuongeza. Niliandika kurasa. Nilijiona nimevumbua kitu ambacho walimu wangu hawakukijua.

Ndipo lilipokuja faili la Mwajuma. Alikuwa na miaka tisa, binti wa marehemu Athumani wa Ngujini, aliyeendesha trekta katika shamba la mkonge huko tambarare. Mama yake alifariki Mwajuma akiwa wa kubebwa, na tangu siku ile mtoto alilelewa na mwanamke wa chumba cha jirani katika kambi ya wafanyakazi, Leokadia, mzaliwa wa Kigoma aliyekuja kwenye mkonge akiwa msichana na hakurudi kwao tena. Baba alipofariki naye, mtoto alibaki kwa Leokadia kama vile hakuna kilichobadilika. Nilifika pale saa saba mchana. Chumba kilikuwa na kitanda kimoja, sanduku la bati, picha ya Bikira Maria, na kamba iliyovuka kutoka ukuta hadi ukuta ikiwa na nguo za watu wawili zimechanganywa. Walikuwa wanakula ugali na dagaa sakafuni. Mwajuma alichota mchuzi na tonge kubwa likamdondoka, na Leokadia, ambaye viganja vyake vilikuwa vimekakamaa kwa miaka ya kuanika nyuzi, akamgonga kidogo kwenye mkono. "Kula kama mtu, si kama trekta la baba yako." Mtoto akacheka akiwa na chakula mdomoni. Kisha Leokadia akanisogezea bakuli la maji. "Nawa, dada. Umekuja kumchukua?" Nikamwambia nimekuja kuona. "Wanaokuja kuona ndio wanaochukua," akasema. "Mimi si ndugu yake, najua. Nimemlea tu."

Hali ilikuwa hivi, na mimi niliipanga kwenye karatasi kwa ustadi wangu wote. Uongozi wa shamba ulikuwa umetangaza kwamba wafanyakazi waliomaliza mikataba waondoke kambini, na Leokadia alikuwa mmoja wao. Afisa wa wilaya alisema wazi kwamba hawezi kumsaini mlezi asiye na mahali pa kulala. Na kule Ngujini alikuwepo Ramadhani, mdogo wake Athumani, mwenye nyumba ya matofali, mke, watoto watano na kahawa. Hesabu ilijijibu. Nikamchukua Mwajuma. Leokadia hakulia wala hakunilaani. Alifungasha nguo za mtoto kwenye kanga na akaniambia neno moja tu, nalo halikuwa la kunisihi: "Halali bila kushika kitu. Mpe hata pindo la shuka." Niliandika pia hilo kwenye faili, nikipiga mstari chini yake, maana nilikuwa mkuu wa idara makini.

Kwa Ramadhani palipendeza. Nyumba ilikaa kwenye ukingo wa mlima, migomba nyuma, na asubuhi ukungu ulipopanda kutoka bondeni ulisimama mlangoni kama mtu anayebisha hodi. Nilikwenda mara tatu katika wiki saba, kila mara saa ya kula. Kila mara niliona jambo lilelile. Watoto watano wa nyumba walikula jikoni, sinia moja, wakisukumana viwiko na kupigiwa kelele na mama yao. Mwajuma alikaa sebuleni na baba yake mdogo, kwenye kigoda, na sahani yake mwenyewe, ndizi za nyama, kijiko, na kitambaa cha kufutia mikono. Mke wa Ramadhani aliondoa sahani yake kabla hajainuka. Nikaandika: "Anapewa kipaumbele. Hali bora kabisa." Alhamisi, Mzee Elinihaki alisoma ripoti yangu kwa sauti mbele ya Baraza, akainua miwani, akasema, "Hii ndiyo kazi tuliyomleta binti huyu kuifanya." Nilirudi jikoni kuchukua makande yangu nikitembea kama niliyevishwa nishani.

Mama Kiondo alikuwa ananingoja na mwiko mkononi. "Madam," akasema, "watoto wa Ramadhani wanakula wapi?"

"Jikoni. Sinia moja."

"Na huyu wenu?"

"Sebuleni. Na sahani yake."

"Amevunja kikombe chochote tangu aende?"

"Hajavunja."

"Amegombezwa?"

"Hata kidogo."

"Ametumwa maji? Ameosha chungu? Amefukuza kuku kwenye maharage?"

"Hawamtumi, mama. Wanamheshimu."

Akanipakulia makande polepole, kama mtu anayempa mgonjwa. "Huko chuoni walikufundisha kuangalia chakula, hawakukufundisha kuangalia sinia. Mgeni siku ya tatu hupewa jembe. Huyu ana wiki ya saba. Kwa nini hawampi jembe, Madam?"

Nilikasirika. Nilimwambia kazi yake ni chumvi na yangu ni watoto, maneno ambayo nikiyakumbuka leo nageuza uso ukutani. Lakini swali lake nililielewa. Nilikuwa nimezaliwa milima hiihii na nilijua maana ya jembe. Ukimpa mtu jembe lazima umwonyeshe pa kulima, na shamba la Athumani lilikuwa pale chini ya nyumba ya Ramadhani, migomba na kahawa, likilimwa na Ramadhani tangu kaka yake alipokwenda kwenye mkonge. Mtoto wa nyumba angeuliza siku moja, hili ni la nani? Mgeni haulizi. Mgeni hulishwa nyama, husifiwa adabu, akikua huolewa mbali, na watu wakamsindikiza kwa vigelegele hadi barabarani. Hakuna aliyemtesa mtoto yule. Walikuwa wanamuaga taratibu, kwa sahani nzuri, na saini ya ukarimu ule ilikuwa yangu.

Kesho yake nilipanda Ngujini na kumkuta Mwajuma amekaa kwenye ngazi ya mlango, nguo safi, mikono mapajani. Nikamuuliza kama anapenda pale. "Wananipa nyama," akasema. Nikamuuliza anataka nini. Alifikiri, akatazama jikoni ambako binamu zake walikuwa wanagombania ufagio. "Nataka kuosha vyombo," akasema. "Nikishika sufuria mama mdogo ananiambia, acha, mgeni haoshi." Nimesoma vitabu vingi kabla na baada ya siku ile. Hakuna kilichonifundisha kazi yangu kwa maneno machache hivyo.

Alhamisi iliyofuata nilisimama mbele ya wazee saba, nikasema nilikosea, jambo ambalo sifanyi mara nyingi na silipendi. Nikaeleza ninachotaka. Mtoto arudi kwa Leokadia, lakini si kambini. Leokadia apandishwe Ngujini, wajengewe vyumba viwili kwenye shamba la Athumani, na ijengwe kwa msaragambo. Koo zipate damu yao, mtoto apate mama yake, na afisa wa wilaya apate paa la kusainia. Nilidhani nimewafungia mzigo mzuri. Mzee Elinihaki akaniomba nitoke ili wazee washauriane, nami nikatoka, hatua nne, hadi jikoni, nikakaa kwenye gunia la maharage, sikio kwenye mbao.

"Mwanamke wa mkonge juu ya ardhi yetu," alisema mmoja. "Kesho ataleta na shangazi zake kutoka Kigoma kwa treni." Wakacheka. "Binti huyu ana karatasi moja anatusumbua hivi," akasema mwingine, "angekuwa na mbili tungehama milima." Wakacheka zaidi. Kisha sauti ya Mzee Elinihaki, ya taratibu, ambayo daima ilimaliza mambo: "Msaragambo ni wa mfereji na barabara. Hauitwi kumjengea mtu wa kuja. Mtoto yuko salama, anakula nyama kuliko wajukuu zangu. Faili lifungwe." Mama Kiondo aliendelea kukoroga chungu bila kunitazama. "Utashindwa na watu wasioosha sahani zao wenyewe?" akauliza, kama anayezungumza na makande.

Tunasemwa sisi Wapare kwamba mtu wetu yuko radhi auze ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku. Wanaotucheka hawajaelewa kwamba kesi haijawahi kuwa ya kuku. Sikulifunga faili. Jumatatu nilipanda Ngujini kwa Mzee Kirama, mtunza pembe inayopulizwa kuitisha msaragambo katika kitongoji kile. Alikuwa mzee mkavu aliyeishi peke yake katika chumba ambacho moshi ulikuwa umekipaka rangi moja, kuta, dari na pembe yenyewe iliyoning'inia juu ya meko. Alikuwa anachoma ndizi. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akanisogezea ndizi moja kwa kijiti. Nikamtolea barua ya idara yenye muhuri, nimeichapa mwenyewe, nikaanza kuisoma. Akainua mkono.

"Pembe hii haisikilizi barua," akasema.

"Inasikiliza nini, babu?"

"Mwenye ardhi katika kitongoji hiki aliyefikwa na jambo asiloliweza peke yake. Huyo akija akaomba watu, napuliza. Si wazee wenu wa Alhamisi. Wala si wewe."

"Na ardhi ya Athumani, mwenyewe ni nani?"

Alitafuna muda mrefu. "Athumani aliacha mtoto," akasema.

"Ana miaka tisa, babu."

"Sikukuuliza umri wake."

Nikashuka mbio hadi shuleni, mimi mkuu wa idara na viatu vyangu vya mjini, nikamwomba mwalimu ruhusa, nikarudi na Mwajuma nimemshika mkono. Njiani sikumfundisha cha kusema. Nilimwambia tu kuna babu mmoja akimwomba watu wa kumsaidia kujenga, huenda akampa. Mlangoni alipiga goti kidogo. "Shikamoo, babu."

"Marahaba. Wewe nani?"

"Mwajuma Athumani."

"Umekuja kutembea?"

"Hapana, babu. Naomba watu. Nataka kujenga kwa baba."

"Utakaa na nani?"

"Na mama yangu."

"Mama yako tulimzika."

"Huyu mwingine," akasema Mwajuma.

Mzee Kirama aliinuka, magoti yakilia, akaishusha pembe na kuanza kuifuta masizi kwa mkono wa shati. "Mgeni huomba maji," akaniambia mimi, si mtoto. "Hajawahi mgeni kuomba watu." Nimekaa na maofisa wa ngazi zote tangu siku ile, na kuhudhuria semina za kila namna za haki za mtoto. Sijasikia uamuzi uliotolewa kwa ufasaha zaidi.

Pembe ililia Jumamosi, jua linachomoza, mara tatu, na milima ikairudisha. Mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo, na watu wa Ngujini hawaulizi ni jambo gani wakiwa bado kitandani. Walikuja na majembe, panga, nguzo mabegani. Wanawake walikuja na ndoo na udongo wa kukandika, na kila nyumba na chungu chake cha makande. Walipofika na kuambiwa nani ameomba, baadhi walisimama. Niliziona nyuso zikigeuka juu kuelekea nyumba ya Ramadhani. Kila nyumba ilikuwa imekuja isipokuwa ile, na nyumba ile ndiyo iliyokuwa karibu kuliko zote. Mwajuma alisimama katikati ya shamba la baba yake, mikono imening'inia, hajui aiweke wapi. Kisha mlango wa juu ukafunguka, mke wa Ramadhani akateremka kati ya mibuni na jembe begani. Sikujua anakuja kulima au kupiga. Akapita mbele yangu bila salamu, akamfikia mtoto, akasema kwa sauti ambayo mtaa mzima uliisikia, "Mwajuma, unasimama hapo kama nguzo kwa nini? Kachukue ndoo, maji yako wapi?" Mtoto akakimbia. Sijawahi kumwona mtu aliyegombezwa akikimbia kwa furaha hivyo. Kazi ikaanza. Saa nne Ramadhani mwenyewe alikuja na panga, akakata fito nusu saa bila neno, ndipo akanisogelea. "Madam, umenijengea ukuta mbele ya dirisha langu." Nikamwambia, "Nimemjengea kaka yako, Bwana Ramadhani." Akarudi kwenye fito zake. Nilikuwa na jeuri, najua. Lakini afadhali jeuri ile kuliko "hali bora kabisa" niliyoiandika kabla.

Jumanne nyumba ilikuwa na paa la mabati makuukuu yaliyotoka kwenye ghala la kahawa lililobomolewa. Leokadia alipanda na godoro lake kwenye gari la ndizi, akashuka akijifunga kanga tatu, akatazama ukungu, migomba na umati uliokuja kumwona mwanamke wa mkonge. "Baridi hii," akasema, "mnaishije?" Wakacheka, na mmoja akamletea moto kwenye kigae. Afisa wa wilaya alikuja wiki iliyofuata, saa ya kula, maana nilikuwa nimemwambukiza. Alikuta sinia moja, Leokadia, Mwajuma na wawili wa binamu zake waliojialika, na akasaini kwenye goti lake.

Baraza halikunisamehe, na haki yangu wanipe, sikuomba. Alhamisi moja mwishoni mwa mwaka ule waliniita, wazee wote saba wamevaa makoti. Mzee Elinihaki alisema nimelivunjia Baraza heshima, na kwamba kama nitaandika barua ya kuomba radhi nitabaki. Nikasema siwezi kuomba radhi kwa kazi bora kuliko zote nilizofanya. Akasema basi naondolewa. Nikasema sawa. Hapo wakakwama, kwa sababu barua ya kuniondoa ilihitaji kuchapwa na katika jengo lile hakuna aliyeijua mashine isipokuwa mimi. "Utaichapa mwenyewe," akasema mwenyekiti, na hata yeye nusura acheke. Nikaingiza karatasi tatu na kaboni mbili. Akaanza kunitajia: kwamba mkuu wa idara, bila idhini ya Baraza, alisababisha kuitishwa msaragambo na kujengwa nyumba ya vyumba viwili katika shamba la… Hapo nikainua vidole. "La nani, Mwenyekiti? Barua ya kosa lazima itaje mahali." Mmoja akasema la Athumani. Nikasema marehemu hamiliki. Kuliandika la Ramadhani hawangeweza. Ramadhani alikuwa amekata fito zake mwenyewe mbele ya kijiji kizima. "Andika la mtoto," akasema mzee aliyekaa karibu na mlango, "tumalize, gari litatuacha." Nikachapa: shamba la Mwajuma Athumani. Kisha nikauliza, kwa adabu yangu yote, "Linapakana na nini? Ngujini mashamba ni mengi." Na hapo likatokea jambo ambalo lingeweza kutokea kwa Wapare tu. Hakuna mzee wetu anayeweza kusikia mpaka ukitajwa bila kuusahihisha. Mmoja akasema kaskazini ni mfereji. Mwingine akasema mfereji ulihamishwa, ni ule mstari wa michongoma. Wa tatu akamwambia yeye hajafika Ngujini tangu alipooa. Walibishana nusu saa nzima, kwa raha, macho yakiwaka, wakitaja jiwe, njia ya kisimani, mkuyu uliokatwa na nani na kwa sababu gani, mpaka wakapatana. Nikachapa kila kitu. Wakasaini mmoja mmoja, yule wa mlangoni tayari ana kofia kichwani. Mzee Elinihaki alisaini mwisho. Aliisoma barua yote taratibu, akafika kwenye mipaka, kalamu ikasimama. Akaniangalia juu ya miwani kwa muda ambao bado naupima. Kisha akasaini, akapiga muhuri, nakala tatu, akanisogezea. Leo, baada ya kula wali wake, sijui alikuwa amechoka au alikuwa ameona. Huo ndio moyo ninaoweza kumpa, na nampa.

Nilikwenda zangu. Nilifanya kazi wilaya nyingine, nikafundisha wengine kufika saa ya kula na kuangalia sinia, nikajenga nyumba yangu Same kwa mikono yangu hii. Idara ilikufa mwaka uliofuata, maana idara ilikuwa mimi. Mwajuma alipofikisha miaka kumi na minane, Ramadhani alikwenda baraza la ardhi la kata kudai shamba lirudi kwenye ukoo, kwa kuwa mtoto amekua na mwanamke aliye naye si wa kwetu. Nilipanda siku hiyo kusikiliza. Ramadhani alileta mashahidi wanne. Mwajuma hakuleta hata mmoja. Alipiga goti kidogo, akaweka karatasi moja mezani. Katibu akaisoma kwa sauti, nakala ya barua ile niliyomwachia, kosa langu lote neno kwa neno, michongoma, jiwe, njia ya kisimani na saini saba, na wawili kati ya mashahidi wa Ramadhani walikuwa wameisaini. Katibu alipomaliza, baraza likasema shamba ni la Mwajuma. Ramadhani akachukua kofia yake akaelekea mlangoni. Leokadia, aliyekuwa amekaa benchi la nyuma na kanga zake tatu, akainuka na kumwita mbele za watu wote. "Shemeji, utungoje. Njia ni moja."